Mbegu kwenye Ukuta wa Kihenge

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta. Darasa letu la sita lilikuwa na wagombea wazuri, akiwemo Yonas aliyewahi kuuliza kama kipanya cha kompyuta kinakula mahindi, lakini siku ile niliwashinda wote, tena kwa mbali.

Naitwa Tuntufye. Baba yangu ni mtu wa Mbeya, karani wa serikali, na alihamishiwa Sumbawanga nilipokuwa darasa la tatu. Tulikaa mtaa wa Kizwite. Asubuhi za mwezi wa saba huku juu Ufipa si za mchezo. Tulifagia uwanja wa shule huku vidole tumevificha ndani ya mikono ya masweta, ufagio umebanwa kwapani, na upepo unarudisha majani yote pale tulipoyatoa. Mwalimu wa zamu alikuwa akipita na kusema, "Vizuri, fagieni tena."

Miaka hiyo mitumba ilikuwa imeingia kila mahali. Tulivaa suruali za mtumba, tulisikiliza redio za mtumba, na mwisho ikaja kompyuta ya mtumba. Aliyeileta ni Stephano, mfanyabiashara aliyesoma shuleni kwetu zamani. Aliishusha kwenye basi la Tunduma ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa, akaikabidhi kwa Mwalimu Rafaeli, ambaye alikuwa amesoma kozi fupi ya kompyuta. Ikawekwa stoo, kati ya majembe na mipira iliyopasuka, na umeme tukavutiwa kutoka nyumba ya jirani.

Shule nzima ilifurahi, isipokuwa Mzee Oswaldi. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mjini alikuwa na duka la bati na misumari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaona watoto wa darasa la kwanza wanakaa sakafuni kwenye baridi, akakasirika.

"Kuna fundi yuko tayari kuichukua hii televisheni yenu isiyoonyesha mpira," alituambia, "naye atatupa madawati. Mimi nataka madawati. Lakini nisionekane mkorofi. Ijumaa ni siku ya wazazi. Kila mtoto anionyeshe kitu chake ndani ya hiyo kompyuta. Chake mwenyewe, si cha jirani. Nikiridhika, ibaki. Nisiporidhika, Jumamosi inapanda mkokoteni."

Mimi nilikuwa nimeipenda ile kompyuta kuliko baiskeli, na baiskeli sikuwa nayo, kwa hiyo pimeni wenyewe.

Mwalimu Rafaeli ndiye aliyepata wazo. Kila mtoto alete kopo dogo la mbegu kutoka nyumbani kwao, na maneno machache ya mzazi kuhusu mbegu hiyo. Kila mbegu tuipe faili lake ndani ya kompyuta. Siku ya wazazi mtoto atasimama, atabonyeza faili la kwao, na maneno ya mama yake yatatokea kwenye kioo.

Makopo yakaja mpaka tukakosa pa kukanyaga. Maharage ya njano, maharage ya madoa, ulezi, mahindi, alizeti, ngano, karanga. Kila kopo lilikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa uji mzito: "Ulezi wa Mama Zita, hauogopi baridi." "Maharage ya Babu Flavian wa Mpui, ukiyapanda juu ya matuta ya majani yanazaa mpaka unaona haya."

Kwa kuwa baba yangu alikuwa na taipureta, nilijua herufi zinakaa wapi. Mwalimu akanichagua kuchapa. Akamchagua Coleta anisomee vikaratasi. Coleta alikuwa mtoto wa Kizwite hasa, mdogo wa umbo, mwenye ulimi uliomtangulia kufika kila mahali.

"Shikamoo, Bwana Kompyuta," alikuwa akinisalimia kila tukikaa.

"Marahaba, mjukuu. Soma polepole, vidole vyangu ni vya thamani."

"Vya thamani lakini viwili tu ndivyo vinafanya kazi. Hivyo vinane vingine viko likizo?"

Tulichapa Jumatatu, tukachapa Jumanne na Jumatano. Mbegu zaidi ya mia mbili ziliingia. Nikaanza kutembea kifua mbele. Alhamisi asubuhi, kesho yake ikiwa siku ya wazazi, nikachapa mbegu ya alizeti, nikabonyeza pa kuhifadhi. Kompyuta ikalia *ting*, ikatoa kisanduku cha maneno. Mwalimu Rafaeli akainama, akasoma, akajikuna shingo.

"Inasema diski imejaa."

"Imejaa nini, Mwalimu?" Coleta akauliza. "Maneno yote tuliyochapa yangeenea kwenye daftari moja."

Mwalimu alitaka kutueleza, lakini kengele ikalia na darasa la saba lilikuwa linamsubiri kwa jaribio. "Msiguse kitu," akasema. "Narudi."

Hapa sasa ndipo ninapoingia mimi na ujinga wangu. Nikamwambia Coleta, "Nimeshajua tatizo. Wazazi wenu wana maneno mengi. Tukiyafupisha, nafasi itapatikana."

"Mwalimu amesema tusiguse."

"Amesema wewe usiguse. Mimi ndiye mchapaji."

Nikafungua faili la kwanza. "Ulezi wa Mama Zita, hauogopi baridi" nikaubakiza "Ulezi". Nikahifadhi. Nikafungua la pili. Maharage ya Babu Flavian na matuta yake yote na haya yake yote nikayabakiza "Maharage". Nilifyeka kama mtu aliyepewa shamba la adui. Coleta alinitazama kwanza akicheka, halafu akaacha kucheka. Vipindi vyote mpaka saa ya chakula nilikuwa nakata. Mwisho nikafuta jasho, kwenye baridi ile, nikajaribu tena kuhifadhi alizeti.

*Ting.* Imejaa.

"Haiwezekani!" nikapiga kelele. "Nimekata karibu kila kitu!"

"Na hujapata hata nafasi ya punje moja," akasema Coleta. "Mama yangu alikaa jioni nzima akitafuta maneno ya maharage yake. Sasa yamebaki 'Maha'. Hata neno lenyewe hukulimaliza!"

Mwalimu Rafaeli akarudi, akatazama kioo, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa kuchekacheka, lakini safari hiyo hakucheka.

"Tuntufye, umefanya nini?"

Nikamweleza. Nilijiona mdogo kuliko punje ya ulezi. Vikaratasi bado vilikuwa kwenye makopo, kwa hiyo maneno hayakupotea, ila siku tatu za kazi zilikuwa zimekwenda na maji. Mwalimu akachukua chaki, akachora kwenye mlango wa stoo jengo refu lenye vyumba vingi vinavyolingana.

"Diski iko hivi. Imegawanywa vyumba, na vyumba vyote vina ukubwa mmoja. Kimoja kinaweza kubeba kurasa kumi za maandishi, hata zaidi. Sasa faili likiingia linapewa chumba kizima. Liwe na kurasa kumi, chumba kimoja. Liwe na neno 'Maha', chumba kimoja vilevile, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulala humo. Kwa hiyo ulipokuwa unakata maneno ulikuwa unamkondesha mpangaji, lakini chumba bado amekishika yeye."

"Si tuweke mbegu zote kwenye faili moja?" nikauliza.

"Tungeweza. Lakini Mzee Oswaldi amesema kila mtoto aonyeshe chake. Tukimwonyesha faili moja atasema ni kazi ya mtu mmoja."

"Tufute vingine vilivyomo?"

"Vingine vilivyomo ndivyo vinavyoiwasha kompyuta. Ukifuta hivyo, kesho tutamwonyesha sanduku." Akashusha pumzi. "Nendeni mkale. Mimi nafikiri."

Kwetu ni mbali, kwa hiyo Coleta alinichukua kwao. Nadhani alinihurumia, ingawa njiani hakuonyesha. "Ukifika usimwambie Mama umeyafanya nini maharage yake," akasema. "Atakupa ugali bila mboga."

Tulimkuta Mama Coleta uani, mikono imejaa samadi ya ng'ombe, amesimama kando ya kihenge cha mahindi. Kihenge chao kilikuwa kikubwa, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo. Alikuwa amepasua boga, na mbegu zake mbichi alikuwa anazikandamiza moja moja kwenye ukuta wa kihenge, kwa nje, ndani ya samadi laini. Ukuta mzima ulikuwa na madoadoa meupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Nikimaliza hapa nawapakulia."

Nikaangalia zile mbegu, na kwa kuwa siku yangu ya ujinga ilikuwa haijaisha, nikauliza: "Mama, kihenge hiki hapa. Mbona mbegu mnazibandika nje, hamzitii ndani?"

Mama Coleta akacheka mpaka samadi ikamdondoka mkononi. "Mbegu za kiganja kimoja nizitie ndani ya kihenge? Zitapotelea kwenye mahindi. Au nizijengee kihenge chao? Mwanangu, ndani kunakaa mzigo. Kitu kidogo kama hiki ukuta unakitosha, na ukuta upo tu, tulishaujenga. Msimu ukifika nabandua, napanda. Hata panya hawagusi."

Nilitaka kujibu. Nikageuka nikamkuta Coleta amekodoa macho kwenye ule ukuta kama ameona nyoka.

"Tuntu," akasema taratibu. "Jina la faili. Lile tunaloliandika wakati wa kuhifadhi. Linakaa chumbani?"

"Hapana. Si linaonekana kabla hujafungua? Linakaa nje, pamoja na majina ya wenzake."

"Na huko nje kuna nafasi kiasi gani?"

Tukatazamana. Sikumbuki nani alianza kukimbia. Nakumbuka tu Mama Coleta anapiga kelele nyuma yetu, "Na chakula je?" na Coleta anajibu akiwa ameshafika barabarani, "Kibandike ukutani, Mama!"

Tulimkuta Mwalimu Rafaeli bado amekaa mbele ya kioo na chai iliyopoa. Tuliongea wote wawili kwa pamoja. Ilibidi atutenganishe kama wapiganaji.

"Mmoja mmoja! Coleta."

"Mwalimu, maneno tusiyaweke chumbani. Tuyaweke kwenye jina! Faili lenyewe liwe tupu, lisidai chumba!"

Mwalimu akaweka kikombe chini, akavuta kiti. "Kwenye kozi walituambia jina linaweza kuwa refu," akasema polepole. "Herufi zaidi ya mia mbili. Na faili tupu kabisa... Tuntufye, kaa hapa. Fungua hilo la Mama Zita. Futa yote ndani, usiache hata nukta. Hifadhi. Sasa badilisha jina."

Nikachapa kwenye jina: *Ulezi wa Mama Zita, hauogopi baridi.* Nikabonyeza. Tukangoja ile *ting*.

Haikulia. Jina likakaa pale kwenye kioo, refu, zuri, maneno yote ya Mama Zita yakiwa nje mlangoni. Mwalimu akaangalia nafasi ya diski.

"Chumba kimeachwa wazi," akasema kwa sauti ya chini. Halafu kwa sauti ya juu mpaka darasa la pili wakasikia: "Kimeachwa wazi!"

Mchana ule ulikuwa kama sikukuu. Coleta anasoma, mimi nachapa, Mwalimu anahesabu vyumba vinavyorudi. Yonas na wenzake walijipanga dirishani, na kila jina likiingia wanashangilia kama bao. Hata vile vidole vyangu vinane vilirudi kutoka likizo. Kulikuwa na vikwazo, ndiyo. Baba yake Yonas alikuwa ameandika, "Karanga hizi umeziona wapi kwingine?" na kompyuta ikakataa katakata. Ilikuwa haipendi alama ya kuuliza ndani ya jina. Ikambidi Yonas akimbie kwao, akarudi anahema: "Baba anasema andikeni, karanga hizi hujaziona kwingine." Ikakubali. Halafu umeme ukakatika, na shule nzima ikasema "Aaah!" kwa sauti moja. Ulipowaka tena tulikuta jina moja tu limepotea, yale maharage ya Mama Coleta. Nikayachapa mwenyewe bila kusomewa, maana hayo nilikuwa nimeyashika kichwani.

Jua lilipoanza kuegemea milima, kopo la mwisho likaingia. Nafasi iliyobaki ilikuwa karibu sawa na ile ya siku tuliyoanza.

Mwalimu Rafaeli akazima kompyuta, akaifunika kwa lile blanketi lake. Akatugeukia.

"Mimi ndiye niliyewaambia kila mbegu ipate faili na maneno yaingie ndani. Sikuuliza kama yanahitaji kuingia. Wewe, Tuntufye, ulikata maneno ya watu kabla hujajua ugonjwa uko wapi. Jasho lilikutoka, nakusifu kwa hilo, lakini ulikuwa unalima barabarani. Kesho mkipata kazi yoyote, kwanza itazameni inakaaje. Kitu kikubwa kipeni chumba, kidogo kitafutieni ukuta uliokwisha kujengwa. Na mkikwama, nendeni mkale kwa Mama Coleta."

Ijumaa wazazi walijaa mpaka nje ya stoo. Akina mama walivaa vitenge vya sikukuu, wengine walitoka Mpui tangu alfajiri. Mtoto mmoja mmoja alisogea, akabonyeza jina la kwao, jina likawaka rangi ya bluu, naye akalisoma kwa sauti. Mama Zita alipoyaona maneno yake kwenye kioo alipiga kigelegele hadi mbuzi wa jirani wakakimbia.

Mjukuu wa Mzee Oswaldi, Happy wa darasa la kwanza, alikuwa hajajua kusoma vizuri. Alibonyeza, akakwama. Mzee akavaa miwani, akainama akamsaidia kwa sauti nzito: "Maharage ya njano ya Bibi Oswaldi, yanaiva kabla babu hajamaliza kulalamika njaa."

Stoo ikapasuka kwa kicheko. Mzee naye akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Huyu mwanamke!" akasema. "Mpaka kwenye kompyuta!"

Nikajua tumeshinda. Sasa Mzee Oswaldi ni mtu wa duka, na mtu wa duka macho yake huteremka yenyewe kwenye tarakimu. Akaona zile nambari ndogo pembeni mwa majina.

"Hizi ni nini?"

"Ni ukubwa wa faili, Mzee," nikasema.

"Sifuri," akasoma. "Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mwalimu, hebu fungua hili la mjukuu wangu tuone ndani."

Mwalimu akafungua. Kioo kikawa cheupe. Hapakuwa na hata nukta. Mzee akafungua lingine kwa mkono wake, nalo jeupe. Kicheko kikaisha. Wazazi wakaanza kunong'ona. Niliona mkokoteni wa Jumamosi unakuja moja kwa moja kifuani kwangu.

"Kwa hiyo," Mzee akasema, akiwageukia wazazi, "hawa watoto wametuonyesha mafaili matupu. Mimi nikiuza pipa la misumari, mteja akalikuta tupu, ananipeleka polisi. Mwalimu, umetuletea mapipa matupu."

"Mzee, sivyo," Mwalimu Rafaeli akaanza. "Diski, unajua, imegawanywa vyumba, sasa, faili linapokuwa, yaani jina lenyewe lile..." Kwa haraka yake maneno yakamsongamana mdomoni.

Mzee akainua mkono. "Mwalimu, hapa kumeandikwa sifuri, na sifuri naijua, naiogopa kila siku dukani. Humo hamna kitu. Kama yupo mwenye jibu la kunifunga mdomo alitoe sasa hivi, na kompyuta itabaki, sitaigusa tena. Nasema mbele ya wazazi wote."

Coleta akapenya kati ya vitenge, akasimama mbele yake, kichwa kikimfika Mzee kwenye kifungo cha koti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sema."

"Kama humo hamna kitu, babu, yale maharage ya bibi yaliyokuchekesha sasa hivi ulikuwa unayasoma wapi?"